Kiu ya Fundi Baridi

Ndugu zangu, kuna maovu ambayo tumeshayazoea kuyasema. Mlevi tunamsema, mcheza kamari tunamsema, mwizi hatumsemi tu, tunamkimbiza. Leo nawaletea habari ya nyumba iliyoponzwa na kitu ambacho hakuna anayekikemea, kitu tunachowapa wageni, watoto na wagonjwa, tena huku tunatabasamu. Soda.

Jumapili moja alasiri nyumba hiyo ilikuwa na raha yake. Mke, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amefunika cherehani kwa kipande cha shuka na kukataa kukitazama kitambaa chochote hadi kesho yake. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, macho yamefungwa kwa utepe wa bluu uliobaki kwenye sketi za wanafunzi. Binti yao alikuwa amepanga glasi tatu mezani. Majirani wawili watatu walikuwa wameegemea dirishani.

"Baba, usichungulie."

"Nichungulie wapi, na mama yako kanifunga kama mateka?"

Akapewa glasi ya kwanza. Akanywa funda, akalizungusha mdomoni. "Hii imetoka kwenye chupa ya kioo."

Glasi ya pili. "Plastiki. Gesi imeshaanza kuaga."

Glasi ya tatu. "Kopo hili. Linakwaruza ulimi pembeni, kama paka."

Zote tatu alipatia. Dirishani wakapiga makofi. Msomaji, usimcheke. Nani kati yetu hajawahi kubishana kama soda ya kioo ni tamu kuliko ya plastiki? Kuna wanaosema ni chupa, kuna wanaosema ni ubaridi, kuna wanaosema ni mawazo ya mnywaji tu. Huyu bwana alikuwa amelifanya swali hilo kuwa elimu yake.

Alifunguliwa macho, akazimaliza glasi zote tatu moja baada ya nyingine. Kisha akapangusa midomo, akasema kwa sauti ya mtu anayeshangaa, "Bado nina kiu."

Mke alikuwa anacheka wakati huo. Akaendelea kucheka kidogo, halafu akaacha.

Mtaani walimwita Fundi Baridi. Alitengeneza friji za madukani, zile kubwa zenye mlango wa kioo. Kazi hiyo ina mtihani wake: ukishaziba bomba linalovuja, ukajaza gesi, ukawasha umeme, huwezi kujua papo hapo kama umeshinda. Lazima usubiri. Mafundi wengine huacha kipimajoto ndani ya friji, wakirudi husoma namba. Baridi naye alikuwa nacho, kimelala chini kabisa ya sanduku la vifaa pamoja na skrubu zilizolika vichwa. Yeye aliweka soda. Akaenda kwa mteja mwingine, na aliporudi akaifungua mbele ya watu wote waliokuwapo dukani, akanywa mafunda makubwa, akafumba macho. Duka zima likanyamaza. Kisha akatamka, "Imekamata!"

Neno hilo lilikuwa muhuri. Mwenye duka alijua kwamba kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa umesikia kuwa kwake kuna baridi. Na soda mpya ikiletwa na gari la kiwandani, aliitwa aionje kwanza.

"Fundi, hii ya nanasi vipi?"

"Nanasi lilipita ng'ambo ya barabara, likapunga mkono tu."

Watu walicheka, kisha wakanunua, kila mmoja ajionee mwenyewe kama nanasi kweli lilipunga mkono. Basi ikawa kila duka ni soda, na kila soda ni ya bure. Kukataa haikuwezekana. Fundi akikataa kunywa, si ndiyo kusema friji haijapona?

Mkewe aliyaona mambo moja moja, na kila jambo alilipa sababu yake. Kiu? Ni joto la kazi. Kwenda chooni kila mara? Ni wingi wa anavyokunywa. Kutosoma maandishi madogo kwenye kompresa, hadi amwite binti amsomee? Ni umri.

Halafu sisimizi. Asubuhi moja alipokwenda kusafisha choo aliwakuta wamejipanga ukingoni, weusi, wana shughuli kama watu wa sokoni.

"Baba watoto, umemwaga soda huku?"

"Hao wananifuata mimi, mke wangu. Wanatambua mtu mtamu."

Walicheka wote wawili. Ndugu zangu, walicheka! Mdudu mdogo kuliko wote mle ndani ndiye aliyetangulia kujua, nao wakammwagia maji ya sabuni.

Kisha suruali zikaanza kumvuka. Mke akazichukua, akafumua kiuno, akapunguza, akashona. Baada ya muda akazichukua tena. Marafiki walimsifu fundi kwamba amerudia ujana, tumbo limekwisha, anatembea kama kijana wa posa. Mke naye alikata mishono akajivunia kazi yake, maana kupunguza kiuno bila kuharibu mifuko si kazi ya kila mshonaji. Hakujiuliza mtu mwenyewe anakwenda wapi.

Kilichomsumbua ni uchovu. Baridi aliporudi jioni alikaa kwenye ngazi ya mlango, viatu miguuni, sanduku la vifaa magotini, akatazama ukuta wa jirani. Zamani alianza kusimulia hata kabla hajafika. Sasa mke aliweza kumaliza kushona kola nzima, naye bado yuko pale pale.

"Mume wangu, ingia ndani basi."

"Nakuja. Nakusanya nguvu."

"Nikupe soda kidogo urudishe nguvu?"

"Nipe."

Naye akampa, kwa mkono wake, katika glasi safi.

Siku mguu ulipoungua, Baridi alikuwa kwa Mama Duka, mwanamke mnene mcheshi mwenye friji tatu na sauti ya kuziamrisha zote. Baridi alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, anachomelea bomba la shaba, miguuni kavaa kandambili. Mama Duka alinusa kitu.

"Fundi, unachoma nini huko? Kuna harufu ya ngozi."

"Ni rangi ya zamani hiyo, mama."

Mama Duka aliinama kutazama, akapiga yowe. "Fundi! Mguu wako! Mguu!"

Tone la madini ya moto lilikuwa limedondoka kati ya ukanda na unyayo, likatulia pale, likatafuna nyama taratibu. Baridi alilitazama kama anayetazama mguu wa mtu mwingine. Akalikung'uta kwa bisibisi.

"Nyayo za fundi hizi," alisema akicheka. "Zimeshakuwa soli."

Na Mama Duka, kwa huruma, akamfungulia soda.

Kidonda hakikupona. Mke alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa vitambaa safi, na kila alipokifungua kilikuwa kipana kuliko alivyokiacha. Kingo zikawa nyeusi. Ikaja harufu ambayo hata marashi hayakuiweza.

"Twende hospitali."

"Kwa kidonda cha kazi? Mbona hakiumi?"

"Kinanuka."

"Nikimaliza friji ya yule wa stendi, tutakwenda."

Mke hakubishana. Alikuwa na oda ya sare za shule nzima, mgongo unamuuma, na kubishana na mwanamume anayechechemea huku anasema hachechemei ni kazi inayotaka nguvu zake peke yake. Friji ya stendi ikaisha, ikaja nyingine. Hatimaye Baridi akashindwa kusimama, akalala kwenye godoro la sebuleni karibu na cherehani.

Hapo ndipo wema wa watu ulipoanza.

Wenye maduka wote walikuja. Nani angeacha kuja? Mtu huyu aliziokoa bidhaa zao zisioze, alikuja mvua ikinyesha, alikuja sikukuu. Walikuja na soda, wengine chupa mbili, wengine kreti. Walizijua hata ladha alizozipenda. Kila aliyeingia alimfungulia moja, akamshikia kichwa, akamwambia, "Kunywa, fundi, upone." Naye alikunywa. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka, alikunywa kama mchanga. Mke aliosha glasi, akapanga glasi, akaosha tena. Aliona fahari, tusifiche. Kumbe mume wake anapendwa hivi?

Akaja pia wifi yake, dada wa Baridi, mwanamke wa maneno makali na machozi ya karibu. Alipomwona kaka yake alishika kiuno.

"Wifi, kaka yangu kaisha hivi, na nyumba imejaa soda?"

"Nampa, wifi. Anakunywa, anaomba tena."

"Basi mpe tena! Mwili unapodai kitu, una sababu."

Mchana mmoja Baridi alimwita mkewe "mama". Mke alidhani anatania. Akainua macho kutoka kwenye cherehani, akaona anahema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka mbio, na macho hayamtazami mtu.

"Mama, funga mlango wa friji. Baridi inatoka."

"Baba watoto! Ni mimi."

"Inatoka yote..."

Wifi akaruka. "Nguvu zimemwishia! Sukari imeshuka! Lete soda, haraka!"

Walimpanua mdomo, wakammiminia. Haikushuka. Ilitoka pembeni mwa midomo, ikateremka shingoni, ikaloweka mto, nao waliendelea kumimina huku wanalia na kumwita jina. Hivyo ndivyo wanawake wawili waliompenda kuliko watu wote duniani walivyokuwa wakimmaliza. Aliyemwokoa ni jirani mwenye gari la mikate, aliyesikia kilio, akatupa trei nje, akasema, "Mleteni huku, mtalilia njiani."

Hospitalini muuguzi alimchoma Baridi kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Akakitazama. Akamchoma kidole kingine.

"Imeshuka sana, eeh?" mke aliuliza.

"Imepanda, mama. Imepanda hadi mashine imeishiwa na namba."

Wakamtundikia maji. Muuguzi akaanza kuuliza, na mke akajibu. Alikuwa anakojoa sana? Sana. Amepungua mwili? Suruali amezipunguza mwenyewe. Macho? Binti humsomea.

"Na siku hizi za kuumwa, alikuwa anakunywa nini?"

Mke alizitaja. Alitaja ya machungwa, ya zabibu, ile nyeusi, ya tangawizi, na ile mpya ya nanasi. Alizitaja kwa kujiamini, kama mtu anayethibitisha kwamba hakumtupa mgonjwa wake. Katikati ya kuzitaja akaona muuguzi ameacha kuandika. Sauti yake ikapungua, ikapungua, ikakatika.

"Nani alikuwa anampa?"

"Mimi. Na wifi hapa. Na watu wote."

"Maji?"

Mke alifikiri. Alijaribu kwa kweli kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mume wake akinywa maji. "Tungempa maji matupu?" alisema polepole. "Mgonjwa?"

Muuguzi hakumkaripia. Alivuta kiti, akamweleza kwamba mume wake ana kisukari, tena cha muda mrefu. Sukari ikijaa katika damu, mwili huisukuma nje kwa mkojo, na maji huondoka nayo, ndiyo maana mtu hukaukiwa. Anayeitibu kiu hiyo kwa soda huongeza sukari juu ya sukari, na kiu hurudi kubwa zaidi. Wifi alikuwa amesimama nyuma yao. Alijifunika uso kwa mtandio.

Baridi alipopata fahamu, daktari alikuja kumwambia habari za mguu.

"Lakini hauumi, daktari," alisema. "Hauumi hata kidogo. Mnakataje mguu usiouma?"

"Hilo ndilo lililokuponza, fundi. Ungeuma, ungekuja mapema. Sukari imeua hisia za nyayo zako, na sasa uozo unapanda. Tukiuacha mguu, utakuchukua mzima."

Baridi aligeukia upande wa mkewe. Mke alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kulikuwa hakuna mtu mwingine wa kukubali. Wakaukata chini ya goti.

Mtadhani hadithi imeishia hapo. Laiti. Kuokolewa hospitalini ni jambo moja, kurudi mtaani ni jingine. Baridi alirudi nyumbani na magongo, dawa, na maagizo, na siku hiyo hiyo Mama Duka akafika na toroli. Juu ya toroli kulikuwa na kreti mbili, vizibo vinang'aa.

"Fundi wangu kafufuka! Nisogezee mlango, mama, hizi nzito."

Mke alisimama mlangoni. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ya gari la mikate. Miguu ilikuwa imemvimba. Kilichokuwa rahisi kuliko vyote duniani ni kusogea.

"Ahsante sana, mama. Lakini hizo hatutazipokea."

Mama Duka alicheka, akidhani ni utani. "Usinitanie, toroli linanielemea."

"Sikutanii. Daktari amekataza. Sukari ndiyo iliyomkata mguu."

"Kwani nimemletea sumu mimi? Huyu kanywa soda kwangu miaka yote, amekufa? Mpe moja moja tu, taratibu, afurahi."

Wifi alijitokeza kutoka ndani. Alikuwa amelia hospitalini, alikuwa ameapa kutompa soda tena. Lakini aibu ya mgeni kurudishwa mlangoni ilimshinda. "Wifi, pokea basi tuweke ndani. Si lazima anywe. Kumfukuza mtu na zawadi yake, tutasemwaje?"

Na kutoka kwenye godoro ikaja sauti ya Baridi mwenyewe.

"Mke wangu, usiaibishe watu. Funda moja tu. Nitaonja, nitatema."

"Hapana."

"Unanifanya mtoto."

"Basi kuwa mtoto," mke alisema bila kugeuka. "Lakini uwepo."

Mama Duka alizitazama kreti zake, akamtazama mke kwa jicho la mtu aliyetemewa mate. "Sikujua kwamba una moyo mgumu namna hii. Mume hana mguu, na wewe unamnyima hata soda ya kupewa." Akageuza toroli. Chupa ziligongana njia nzima.

Baridi alilala akiwa ameuelekea ukuta, hakusema naye. Mke alijaza glasi maji, akaiweka karibu na mkono wake, akarudi kwenye cherehani. Alishona. Baada ya muda mrefu aliona mkono wa mumewe umenyooka nyuma, bila yeye kugeuka, umeshika glasi tupu. Alinyanyuka akaijaza. Mkono ukarudi nayo. Hakukuwa na shukrani wala lawama.

Mtaa haukuchelewa kumpa jina. Mama Mnyimi. Alilisikia kwenye foleni ya maji, akalisikia kwa mtoto aliyetumwa kuchukua sare. Wateja wengine wakapeleka vitambaa kwa mshonaji mwingine. Kila mgeni aliyekuja na chupa aliukuta mlango huo huo na jibu hilo hilo, hadi wakaacha kuja na chupa, na baadhi wakaacha kuja kabisa. Baridi akaanza kuongea naye tena, kidogo kidogo, kwanza juu ya dawa, kisha juu ya binti. Kidonda cha chini ya goti kikakauka. Mguu uliobaki ukabaki.

Siku moja mke alikuwa anapita mbele ya duka la Mama Duka na furushi la nguo kichwani, shingo imechoka, na mtu akaita kutoka ndani, sauti ya kejeli, "Mama Mnyimi!"

Alisimama, akageuka na furushi lake.

"Abee," aliitika. "Ndiye mimi."

Funzo

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba soda ni sumu, wala kwamba anayebishana juu ya kioo na plastiki ana dhambi. Kuonja si kosa. Kosa ni kuonja kila siku hadi tukasahau ladha ya maji.

Kiu isiyokatika ni taarifa. Mtu anayekunywa na kukojoa bila mwisho, anayepungua bila kujinyima, anayechoka bila kufanya kazi, anayeungua bila kuhisi, asingoje friji ya stendi iishe. Aende akapimwe, naye ambaye kidonda chake hakiumi ndiye akimbie zaidi.

Na sisi tunaokwenda kuwaona wagonjwa, tujiulize tumebeba nini. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nyakati zile adui alikuwa njaa. Leo aulizwe, tena waulizwe na wanaomuuguza, kabla hatujamfungulia kizibo.

Mwisho, katika kila nyumba yenye maradhi haya kuna mtu mmoja aliyesimama mlangoni anakataa vitu vitamu kwa niaba ya mwingine. Amechoka, na mara nyingi hata yule anayemlinda hampendi siku hiyo. Mkimkuta, msimtafutie jina. Mshikieni mlango akalale.